Dawa za mimea dhidi ya mbu: tulioko Uganda, tupeane uzoefu

MzeeWaBombo: Ndugu zangu, mvua zimeanza na huku Bombo mbu hawangoji hata giza liingie. Koili za dukani zinamkohoza mjukuu wangu. Aliyewahi kutumia mimea aseme alifanyaje, alimlenga mbu anayeruka au kiluwiluwi majini, na alipata nini. Ya kusikia kwa shemeji msilete.

BintiArua: Shikamoo mzee. Kwetu mwarobaini uko kila boma. Watu hukimbilia majani, ila sisi tunaokota mbegu, maana nguvu nyingi iko kwenye kokwa. Tunazikausha kivulini, tunazitwanga, tunaziloweka usiku kucha, tunachuja kwa kitambaa, kisha tunamwaga kwenye mashimo ya wafyatua matofali, maana maji hutuama humo. Usitegemee kuamka ukute viluwiluwi vimekufa vyote. Vinaendelea kuogelea, ila vinashindwa kujivua ngozi, havifiki kuwa mbu. Mume wangu alichungulia kesho yake akasema napoteza muda. Siku zilivyosogea akaanza kunitwangia mwenyewe! Jua huivunja dawa upesi, kwa hiyo mwaga jioni, na urudie. Maji ya kunywa usiyaguse.

Mfumbira: Pareto, basi. Huku Kisoro wazee waliilima, na sisi bado tunayo kidogo pembeni ya viazi. Kwa mbu anayeruka sijaona mmea wa kuishinda. Maua yakikauka tunayasaga, unga tunaunyunyiza juu ya makaa chumbani, watu wote nje, mlango umefungwa. Mbu wanadondoka. Fagia papo hapo, maana wengine wamezimia tu, watazinduka. Halafu jueni kwamba permethrini, dawa ya kuua mbu ya kwenye vyandarua, iliundwa kwa kuiga sumu ya pareto. Mbu aliyeizoea ile, na hii hamtishi sana.

JamaaWaNakivale: Mtu asije akasema utupa, ule Waganda wanaita muluku. Jirani yangu aliumwaga kwenye dimbwi, mvua ikanyesha, maji yakashuka hadi bwawa la samaki la watu. Kesi mpaka kwa mwenyekiti. Ule ni mmea wa kuvulia samaki jamani!

MtotoWaApac: Mimi nawasoma tu nacheka. Utafiti uliochapishwa 2006 ulikadiria kwamba mtu wa Apac alikuwa akiumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka. 2008 wakaja kupuliza DDT, ile kemikali ya kuua mbu, wakulima wa pamba isiyotiwa kemikali wakahofia soko lao, mambo yakafika mahakamani, kazi ikasimama. Kwa hiyo mimea tumeijaribu kwa shida, si kwa mtindo. Mama anaponda mchaichai, anachanganya na mafuta, anapaka miguu tukiwa tunaota moto. Unasaidia, sibishi. Lakini harufu haikai, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku wa manane, wakati mchaichai umeshayeyuka na wewe unakoroma. Jioni nje, paka. Kulala, chandarua.

BwaiseYetu: Mwarobaini kwenye mtaro wa Bwaise? Maji yanatembea, dawa inaishia kwa jirani. Labda kwenye matairi na madebe, na hayo si ni rahisi kuyamwaga tu?

BintiArua: @BwaiseYetu hapo umesema kweli. Pa kumwagika, mwaga. Mimi naongelea shimo ambalo huwezi kulifukia kwa sababu mwenyewe bado anafyatua.

MzeeWaBombo: Marahaba binti. Nyuma ya nyumba nina shimo la hivyo hivyo. Mbegu nikiagiza kwa basi zitafika salama?

BintiArua: Zitafika, mzee. Mwambie anayekutumia amenye nyama yote, azioshe, azikaushe vizuri, aweke kwenye gunia au kikapu. Akifunga kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, zitaota ukungu njiani, na zikishaota ukungu tupa.