Virusi vinavyoua bakteria sugu: ni tiba kweli?

BintiPongwe: Wakubwa shikamooni. Baba ana kidonda cha kisukari mguuni, kimegoma kupona. Usaha umeoteshwa, jibu ni bakteria aitwaye Pseudomonas, na karibu kila dawa kwenye karatasi imewekewa R, yaani bakteria ni sugu kwayo. Daktari ameanza kutaja kukata mguu. Binamu kanitumia video ya virusi vinavyokula bakteria. Ni kweli, au ni wale wale wa dawa moja magonjwa arobaini?

Darubini: Pole dada, mfikishie mzee salamu. Ni kweli, mimi niko maabara. Vinaitwa bakteriofaji, kifupi faji. Félix d'Hérelle alivieleza mwaka 1917 huko Paris, penisilini haijajulikana bado. Faji hujibandika kwenye bakteria, huingiza vinasaba vyake, huzaliana humo mpaka bakteria apasuke. Seli zetu haziguswi. Kwenye sahani ya maabara ya kuoteshea bakteria unaona kazi yao kwa macho: bakteria wameota utando mzito, na ndani yake viduara vilivyo wazi kabisa. Hapo faji imekula.

Tatizo lake inachagua mno. Inayoua Pseudomonas wa mgonjwa mwingine inaweza isimguse wa baba, kwa hiyo lazima bakteria wake mwenyewe wajaribiwe. Hutafutwa sana kwenye maji taka. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya binti wa Uingereza aliyetibiwa kwa faji tatu. Moja ilitoka kwenye biringanya lililooza Afrika Kusini!

Mzawa_wa_Jangwani: Basi nachota maji ya Msimbazi nampelekea mzee 😂

Darubini: Utamuua kwa kuhara. Faji huchujwa na kuondolewa sumu za bakteria waliopasuka ndipo apewe mtu.

BintiPongwe: Zinapatikana wapi?

Darubini: Taasisi ya Eliava, Tbilisi, nchini Georgia, ipo tangu 1923 na inapokea wagonjwa wa nje. Nauli na matibabu jipange. Huku kwetu ninaoufahamu ni utafiti wa ILRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, Nairobi, tena wa bakteria Salmonella wa kuku. Anayekuuzia chupa mtandaoni ni tapeli.

Ila mguu hausubiri Georgia. Muulize daktari kama damu inafika vizuri unyayoni, na kama nyama iliyokufa imeondolewa yote. Dawa haifiki pasipo na damu. Sukari nayo ishuke. Halafu piga picha ile karatasi, ficha jina la mzee, iweke hapa tuone S, yaani dawa bado inawaweza bakteria, zimebaki kwenye dawa zipi.