Tupeane uzoefu: gato ya pome na mdalasini, ile ya kukata vipande

Jambo kwenu ba mama na ndugu wa Lubumbashi, pamoja na wote mnaooka kwa makala (makaa) kama sisi. Jumapili nilioka gato ya pome (keki ya matufaha, kwa ndugu zetu wa pwani). Ile ya trei: unga chini, matunda katikati, chenga za unga na sukari juu, kisha unakata vipande kama sabuni. Juu ilitoka nzuri, mdalasini ukanukia mpaka kwa jirani. Kuja kukata, chini uji mtupu. Wageni wakala kwa kijiko, na mmoja akasifu "hii pudingi". Nikanyamaza, nikapokea sifa.

Kosa nadhani nalijua. Pome nilizikata asubuhi, nikazitia sukari, nikaenda misa. Kurudi, zinaogelea. Sukari huvuta maji ya tunda, na mimi nikamimina yote kwenye trei. Haya, nanyi mwageni yenu.

Mama wa mapacha, Kamalondo
Pole yaya, dada yangu. Mimi hayo maji siyatupi. Nayachuja, nayachemsha na kijiti cha mdalasini na karafuu 2 mpaka yawe mazito kama asali, ndipo nayarudisha kwenye pome. Harufu yote imo humo. Tena tabaka la chini naliweka motoni peke yake dakika 15, likishashika ndipo napanga matunda.

Vipimo vyangu: unga wa ngano vikombe 3, sukari kikombe 1, siagi gramu 250, yai 1, chumvi kidogo. Siagi iwe baridi, uifikiche na unga kwa vidole. Robo tatu nabonyeza kwenye trei, robo nanyunyiza juu. Pome 6 za kati zinatosha. Furu (oveni) nyuzi 180, baada ya matunda kuingia hesabu dakika 35 hivi, lakini amini jicho lako kuliko saa.

Kijana wa Katuba
Furu? Kwetu ni mbabula, jiko la makala. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, mawe 3, trei juu ya mawe, kifuniko, na makala juu ya kifuniko. Makala ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Mara ya kwanza sikujua, nikawasha chini kama napika bukari (ugali). Nilipofunua, chini nyeusi tii, juu bado mbichi. Mama akaitazama, akaniuliza: "Sasa hii tuiuze kwa gunia?"

Tangu siku hiyo mbabula ya gato naisimamia mwenyewe, hata simu siigusi.

Dada muuza matunda, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi)
Mnagombana na maji bure, angalieni kwanza pome mnayonunua. Zinazotuingilia mpakani Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini ni za namna nyingi. Ya kijani, Granny Smith, ni chachu na ngumu, hata ikiiva kwenye moto kipande kinabaki kipande. Nyekundu ni tamu ya kula mkononi, ila ikikaa sana inakuwa kama unga mdomoni, na kwenye gato inasambaratika. Nazo zilizogongwa naziuza bei ya chini, kata palipoumia, palipobaki ni pazima. Wateja wangu wajanja huzitaka hizo kwanza.

Baba Nyumba, Bel-Air
Mimi ndiye mpishi kwetu, msicheke. Umeme uliondoka gato ikiwa na dakika 20. Nikakataza mtu kufungua mlango wa furu, joto la ndani likaendelea kuivisha polepole. Uliporudi nikamalizia, watu wakala bila kujua. Ingekuwa keki ya mayai mengi, ile laini, ingezama katikati. Hii haina cha kuzama.

Kungumanga nayo, ndugu zangu, ni ya kukwaruza kidogo tu. Nilikwaruza nzima, ikawa chungu kama dawa ya kikohozi.

Tantini wa Ruashi
Hizo pome za hela nyingi mnazitakia nini? Embe zikianza, ile bichi inayokaza meno, imenye, ikate nyembamba, tia mdalasini na tangawizi, ongeza sukari kidogo maana uchachu wake ni mkali. Nilipeleka kwenye ubatizo, hakuna aliyeuliza pome iko wapi.

Kijana wa Katuba
Tantini, kwa heshima zote, hiyo ni gato ya embe.

Tantini wa Ruashi
Umeshaila wewe?

Aliyeanzisha
Shikamoo Tantini, Novemba nakuja kuila. Jumamosi nimeoka tena: pome za kijani, maji nikayachemsha kama alivyosema Mama wa mapacha, chini nikaanza kupaoka peke yake. Halafu nikaificha juu ya kabati mpaka ipoe kabisa, kwa sababu ikiwa ya moto hubomoka kisu kikigusa tu. Imekatika safi, vipande 24, pembe zimesimama.

Yule mgeni wa Jumapili alipita jioni. Nikampa viwili kwenye sahani, akala, akafuta mdomo, akaniuliza taratibu: "Na ile pudingi, leo hukupika?"