Prado inakaa nyuma nikivuta tela: mifuko ya upepo au koili nzito?

MamaMaturubai: Wakuu habari za jioni. Nina Prado navutia tela la vifaa vya sherehe: jenereta, maturubai, viti. Tela likijaa gari inakaa nyuma, pua inaangalia juu, na usiku wanaokuja mbele wananiwashia taa kwa hasira. Fundi mmoja anasema nifunge mifuko ya upepo ndani ya koili (zile springi za kuzunguka za nyuma), mwingine anasema nibadilishe koili niweke nzito. Jumamosi nina harusi Iringa na hela inatosha kitu kimoja tu. Nichukue kipi?

Koili_Ilala: Prado ipi dada? Kuna za koili, na kuna zilizotoka kiwandani na mifuko yake nyuma. Tela lina uzito gani? Lina breki? Bila hayo tutapiga ramli tu.

Nyanda_za_Juu: Mifuko tu dada. Koili nzito itakutesa siku zote ambazo huna tela, gari itadunda kila tuta. Mfuko unaubakizia upepo kidogo, 5 psi hivi, ukifunga tela unaongeza kwa pampu ya kawaida ya matairi. Ila fundi aweke njia ya upepo ya kila upande peke yake. Akiunganisha pande mbili, kwenye kona upepo unahama upande uliolemewa unaenda ule mwingine, gari inazidi kulala.

Koili_Ilala: Kwenye kona nakubali. Lakini huo ni mpira, umekaa ndani ya chuma kinachocheza, kwenye vumbi na kokoto. Ukitoboka ukiwa Ruaha Mbuyuni na maharusi wanasubiri? Koili haitoboki. Tena mfuko unanyoosha gari tu, haurudishi uzito ulioondoka kwenye matairi ya mbele. Usukani utabaki mwepesi vilevile.

Dabokabini: Mimi niliona chasisi imepinda, kwa hiyo nisikilizeni. Kazini tulikuwa na Hilux ya springi za majani, zile za vyuma bapa vilivyopangana. Gereji moja ikafunga mifuko kati ya ekseli na chasisi, nyuma ikanyooka, mkubwa akafurahi. Tangu hapo, kwa kuwa gari haikai tena, kila safari mzigo unaongezwa: mapipa ya dizeli mwisho kabisa wa bodi, na pampu ya maji kwenye tela. Barabara ya vumbi, mashimo mwanzo mwisho. Asubuhi moja naosha gari naona mwanya kati ya kabini na bodi umepanuka juu, chini umebana. Kupima, chasisi imepinda nyuma ya kabini. Springi ya majani inashika chasisi sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko unasukuma sehemu moja katikati huku mzigo unaning'inia nyuma. Kila shimo ni kama kuvunja kuni gotini. Mfuko hauongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari, na ubaya wake ni kwamba unaficha dalili.

Nyanda_za_Juu: Hiyo ni Hilux mkuu. Kwenye Prado mfuko unakaa palepale koili inapobebea. Usimtishe dada.

Dabokabini: Simtishi. Mzigo uliozidi umezidi, uwe na majani au koili.

MamaMaturubai: Ni Prado 120 ya dizeli, ya koili. Tela sijawahi kulipima, breki halina. Jenereta limefungwa mbele karibu na ndoano, ni rahisi kulishusha.

Koili_Ilala: Ungeanza na hilo! Lihamishie juu ya ekseli ya tela. Uzito unaokaa kwenye ndoano uwe kama asilimia 10 ya tela zima. Usilipeleke nyuma sana, tela litayumba. Nenda ghala lolote la mazao wakuruhusu kutumia mizani: pima tela zima, kisha pima pale mbele peke yake.

Mzee wa Kitonga: Binti yangu, hawa wanabishana koili na mifuko wakati tela halina breki. Magari mengi ya aina hiyo, tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750. Kuupanda mlima Kitonga, kabla ya Iringa, si kazi. Kazi ni siku ya kurudi, unashuka huku tela linakusukuma. Shuka na gia ndogo, usikalie breki. Harusi hii kodi Kenta, lori dogo.

Nyanda_za_Juu: Mzee, Kenta ya Dar hadi Iringa inakula faida yote.

Mzee wa Kitonga: Faida utaihesabu ukifika.

Dabokabini: Na matairi je? Wengi wanafunga matairi laini ya gari ndogo kwenye tela, halafu wanalaumu springi.

Koili_Ilala: Matairi fungua uzi mwingine mkuu.

MamaMaturubai: Asanteni. Jenereta nimelihamisha, nyuma imepanda kiasi ila bado inakaa. Kesho napima. Nani anamjua fundi wa breki za tela hapa Dar anayejua kazi yake?

Dabokabini: Uko upande gani, Tegeta au Mbagala?