Kava la mashine ya kukata nyasi limepasuka, linazibika?

Muulizaji: Wakuu habari, mashine yangu ya petroli kava la juu ya injini limepasuka kuanzia kwenye tundu la bolti, nikipaka supa glu inashika kidogo nikiwasha tu ule mtikisiko unaachanisha tena, na jipya madukani halipo. Nifanyeje? Tenki nalo lina ufa mdogo chini.

Jibu: Mkuu geuza kava uangalie kwa ndani, utakuta limeandikwa aina ya plastiki, mara nyingi PP au ABS. Kama ni PP achana na supa glu, haishiki ile plastiki. Toboa kwanza kitundu cha milimita 3 pale ufa unapoishia ili usiendelee, halafu chukua pasi ya kuchomea ya mafundi redio, yeyusha kwa ndani, zamisha wavu mwembamba wa chuma kisha funika na plastiki ya aina hiyohiyo, ndoo kuukuu yenye alama ya PP inafaa sana. Fanyia nje, moshi wake mbaya.

Jibu: Kama ni ABS rahisi zaidi, vipande vyake unaloweka kwenye asitoni (kimiminika kinachoyeyusha plastiki hiyo) vinakuwa uji mzito unapaka, acha ukauke usiku kucha. Na bolti usikaze sana, weka washa (kipete cha chini ya bolti) ya mpira.

Jibu: Jamani tenki msiguse na moto! Hata likiwa tupu mvuke wa petroli unabaki ndani na unalipuka. Tafuta lingine hata la mtumba. Na kabla hujafungua chochote chomoa waya wa plagi.

Muulizaji: Nimecheki ni PP, ndoo ipo. Tenki nalitoa leoleo, asanteni sana.