Kompozita ikifa, kwa nini ife na kazi zangu zote?

Wadau, nimevumilia vya kutosha.

Nina steshenari ndogo hapa Chake Chake, kompyuta mbili za mtumba, zote nimezitia Linux, mfumo wa bure mahali pa Windows, kwa hiari yangu. Jana asubuhi kaja mwalimu kutoka Konde na mtihani wa skuli yake, kurasa nane zimejaa majedwali, nimpangie, nimchapie, aiwahi gari ya saa sita. Nimefika swali la 14, mshale ukaganda. Kioo kikawa cheusi, kisha ukatokea ukurasa wa kuingia, unanitaka nywila kama vile ndio kwanza nawasha mashine. Kuingia ndani, mtihani haupo, PDF zote hazipo, kazi ya mteja mwengine nayo imekwenda. LibreOffice, programu ninayoandikia, ikanirudishia nakala ya nyuma, maana yenyewe hujihifadhia kila baada ya dakika kumi usipoibadilisha. Majedwali mawili nimeyachora upya huku mwalimu kakaa kwenye benchi ananitazama.

Umeme haukukatika. Nimesoma logi, yaani kumbukumbu za matukio ya mashine, na kilichoanguka ni kompozita.

Kwa asiyeijua: kila programu huchora dirisha lake pembeni kwenye kumbukumbu, na kompozita ndiyo inayoyakusanya madirisha yote, ikayapanga na kutoa picha moja ya kwenye kioo. Kwenye X11, mfumo wa kuonesha madirisha wa tangu 1987, seva ya X ni programu mbali na meneja wa madirisha ni programu mbali. Xfwm4, ambayo ni meneja wa madirisha na kompozita ya mazingira ya Xfce, ikinifia, vichwa vya madirisha hutoweka na dirisha halisogei, lakini kazi ipo pale pale. Nabonyeza Ctrl+Alt+F2, naingia, naandika `DISPLAY=:0 xfwm4 --replace &`, nikirudi vichwa vishakaa mahali pake. Mteja hata hajui kama kumetokea kitu.

Mashine ya jana ilikuwa kwenye Wayland, mrithi wa X11. Wayland, aliyoianzisha Kristian Høgsberg mwaka 2008, imeyaunganisha yote: kompozita ndiyo seva yenyewe. Ikianguka, kwa kawaida programu zilizoishikilia zinaanguka nayo.

Msije mkanambia nachukia mambo mapya. Najua kwenye X11 programu moja inaweza kuchungulia unachoandika kwenye nyengine, na najua video zilivyokuwa zikikatika vipande. Hasira yangu ni kuwa njia ya zamani inafungwa wakati hii mpya bado inatuulia kazi. GNOME 49, toleo la Septemba 2025 la mazingira ya Linux yanayotumiwa na wengi, ilitoka kikao cha X11 kishazimwa. Na dawa ipo! Walioandika KWin, kompozita ya mazingira ya KDE Plasma, wameonesha: tangu Plasma 6, ya Februari 2024, programu zilizojengwa kwa zana za Qt 6 zinaweza kujiunga upya na kompozita baada ya kuanguka. Basi hilo lingeanza kuenea kwa wote, ndio mlango ufungwe.

Na jengine. Zamani kompozita nikiizima. Xfwm4 ina kisanduku cha kutoa tiki, KWin ya X11 ina Alt+Shift+F12. Kwenye Wayland huizimi, maana ndiyo kila kitu. Mashine yangu ina GB 4 na grafiksi ya kizee. Dereva ikikosekana, kazi yote ya kuchora inamwangukia prosesa kupitia llvmpipe, programu inayochora bila msaada wa kadi ya grafiksi, feni inapiga kelele duka zima kwa ajili ya vivuli chini ya madirisha. Mwalimu kaja kwa karatasi, hakuja kwa vivuli.

Nimeripoti hitilafu hii mara mbili na logi zake. Ya kwanza imefungwa, naambiwa toleo langu la zamani. Ya pili nikajibiwa ninunue mashine mpya. Nunua kwa kipi? Mtihani ule sikumtoza mwalimu hata shilingi, na gari ya saa sita ilishamwacha.

Usiku nimeirudisha mashine ile kwenye Xfce na X11. Nyie wenye maduka Wete, Mkoani na huko Unguja, nani kompozita ya Wayland imemfia kazini, na programu gani zilibaki hai? Wekeni logi hapa, niziambatanishe kwenye ripoti ya tatu.