Agari ya juu inaganda mabonge, matundu hayaonekani: tunakosea wapi?

Mwl_Rau (Moshi): Habari wadau. Klabu ya baiolojia, kidato cha tatu, inataka kuona kwa macho virusi vinavyoua bakteria. Tuna bakteria E. coli K-12 na faji T4 (faji ndio hao virusi). Agari (jeli ya kukuzia bakteria) ya chini asilimia 1.5, ya juu 0.7. Ya juu inaganda mabonge kabla haijatandaa, na sahani ama ni nyeupe tupu (bakteria wametanda kote) ama imesafishwa yote, bila matundu, yaani viduara wazi ambako faji wameua bakteria. Halafu, faji wa mtaroni hawafai?

Njiro_Maabara: Mwalimu, mabonge ni suala la joto. Agari ikishaganda haiyeyuki mpaka ikaribie nyuzi 85, kwa hiyo ichemsheni hadi isibaki hata chembe, mgawe mililita 3 kila tyubu, mziweke kwenye beseni la maji ya nyuzi 48. Ikizidi 55 mnapika bakteria. Na sahani za chini zisitoke friji moja kwa moja. Asubuhi ya Julai hata za mezani zina baridi. Wengi hulaumu agari bure.

Changanyeni kwanza faji ml 0.1 na bakteria ml 0.2, subirini dakika 10 faji wanate kwenye bakteria. Mimineni agari, viringisheni tyubu viganjani, mwageni papo hapo. Msitikise: mapovu yakiganda, mwanafunzi atayahesabu kama matundu.

mama_petri: Iliyosafishwa yote ina faji wengi mno. Pangeni tyubu 8 zenye ml 0.9 ya mchuzi wa kukuzia, tieni ml 0.1 ya faji kwenye ya kwanza, kisha mhamishe ml 0.1 toka moja hadi nyingine (kila hatua inapunguza mara 10), na kila hatua ncha mpya ya pipeti. Ncha ikirudiwa, hesabu yote imekwenda. Someni sahani yenye matundu 30 hadi 300. Tuseme tyubu ya 6 imetoa 47: 47 × 10 (kwa kuwa mlimwaga ml 0.1 tu) × 1,000,000 (hatua 6 za mara 10), yaani faji milioni 470 kwa mililita.

Nyeupe tupu? Mara nyingi faji wamekufa au wamepunguzwa kupita kiasi. Bakteria wa jana nao ni wazee: tieni ml 0.1 kwenye ml 10 za mchuzi mpya, nyuzi 37, masaa 2 hadi 3, mpaka mchuzi uanze kufifia, usiwe wazi tena. Na sahani moja isiyo na faji lazima iwepo, la sivyo mtalinganisha na nini?

Njiro_Maabara: Mtaroni hapana. Ukikuza maji machafu unakuza kila kilichomo, taifodi ikiwemo. Kuchuja kwa kichujio cha mikromita 0.22 ni kazi ya maabara kamili, si ya klabu.

Kabla ya kutupa sahani, zichemsheni kwenye presha kuka. Huku Arusha, mita 1,400 hivi, haifiki nyuzi 121 kama pwani, basi badala ya dakika 20 wekeni 30. Sahani zikishaota zifungwe kwa utepe, zisifunguliwe tena.

Mwl_Rau: Shukrani. Umeme ukikatika usiku?

mama_petri: Sanduku la foamu la samaki na chupa mbili za maji ya uvuguvugu, sahani zikiwa kichwa chini. Likipoa, matundu yatachelewa tu, angalieni jioni ya kesho yake.