Toroli la rimoti la kubebea samaki Deep Sea, nimeunguza kontrola mbili, nichukue ipi?

Kijana_Makorora

Asalaam aleikum wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini, nina jambo langu naomba msaada wa mafundi. Mjomba wangu ni mchukuzi pale Deep Sea miaka mingi, anatoa matenga ya samaki kwenye boti anapandisha nayo mpaka barabarani kwenye magari, sasa mgongo umegoma, daktari kamwambia aache kubeba na yeye kazi nyingine hana. Nikaona nimtengenezee toroli linalojiendesha, yeye ashike rimoti atembee pembeni. Siku za bamvua maji yakikupwa boti zinakaa mbali kweli na ule mchanga wa majimaji ndio unaowamaliza watu.

Nilivyonavyo ni mota mbili za DC za brashi zenye gia, 24V 250W kila moja, kibandiko kinasema 13.7A. Tairi mbili za nyuma kila moja na mota yake, mbele nimeweka vigurudumu viwili vya kujizungukia wenyewe. Betri za sola mbili za 12V nimeunga sirizi. Rimoti ni FlySky FS-i6 na risiva (kipokezi kinachokaa kwenye toroli) ya iA6B. Toroli tupu na betri zake ni kama kilo 70, mzigo nataka kilo 100.

Kontrola (kile kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota kwa amri ya rimoti) ya kwanza ilikuwa L298N, ilifuka moshi hata tairi hazijagusa chini. Ya pili BTS7960, muuzaji kaniapia inabeba 43A, nikapiga hesabu 13.7 mara mbili ni 27 na kitu basi inatosha, nikaunga mota zote mbili kwenye hiyo hiyo moja (kugeuza nilikuwa nasukuma kwa mkono, nilitaka kwanza nione nguvu) na katikati kuna Arduino Nano, kikompyuta kidogo ambacho jamaa yangu aliniandikia programu. Uani ilitembea vizuri. Nikapeleka mchangani na ndoo mbili za maji, hatua kama kumi ikakata, kuigusa vidole vimeungua.

Sasa ninunue ipi na niiunge vipi isiungue tena? Hela yenyewe ni ya kuungaunga, nikiunguza ya tatu mjomba anarudi kubeba kichwani.

Fundi_Barabara_ya_9

Pole kijana, na Mungu akulipe kwa kumfikiria mjomba. Kosa lako liko kwenye hiyo 13.7, wengi wanaingia hapo hapo. Hiyo ni ampea ya mota ikiwa inazunguka kwa mwendo wake na mzigo wake wa kawaida. Mota ikizunguka inazalisha volti zake zinazosukumana na za betri, ndio maana umeme unapita kiasi. Ikisimama zile volti hazipo, kilichobaki kuzuia umeme ni koili tu na koili ni waya wa shaba mnene, kwa hiyo inanyonya mara tatu mara nne ya kilichoandikwa. Toroli likizama mchangani mota imesimama au inakaribia kusimama. Kontrola unaichagua kwa hali hiyo.

Usikisie, pima. Funga tairi isizunguke, chukua betri MOJA ya 12V, gusisha kwenye mota kwa sekunde moja au mbili tu, mtu mwingine asome kwa mita ya kubana waya, ile inayosoma DC maana nyingi zinasoma AC peke yake. Unachosoma zidisha mara mbili ndio ampea zako za 24V.

Halafu hiyo 43A ya BTS7960 ni pale chipu inapoanza kujizuia yenyewe isife, siyo ampea za kutembea nazo kutwa. Bati lake la kupozea ni dogo, mimi kwenye kazi zangu sizidishi 10, sana sana 15 nikiweka feni. Na kuna la volti ambalo watu hawaliangalii, ile chipu mwisho wake ni 27.5V, na betri mbili zikiwa zinachajiwa zinafika 28.8V. Ukiachia eksileta kwenye mteremko mota inageuka dainamo inarudisha umeme na volti zinapanda zaidi. Kwa 24V ile moduli inaishi ukingoni kila siku.

Tuje kwenye nguvu. Toroli na mzigo ni kilo 170. Ukipanda mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10 ni sawa na kuvuta kilo 17 juu moja kwa moja. Mchanga laini unaweza kukuvuta nyuma kwa sehemu moja ya tano ya uzito wote, hiyo ni kilo 34 nyingine. Jumla 51, ukienda mwendo wa mita 1 kwa sekunde hizo ni wati 500 kamili na mota zako zote mbili ni wati 500. Zinaweza lakini hazina akiba hata kidogo. Ningekuwa mimi ningeweka tairi pana nizipunguze upepo, na mzigo nianze na kilo 60.

mzee_wa_spea

Mbona mnahangaika, chukua kontrola mbili za baiskeli ya umeme 24V, bei rahisi na zinapatikana, kila mota na yake. Mimi nimefunga kwenye baiskeli ya dogo mwaka wa pili huu haijasumbua.

Fundi_Barabara_ya_9

Mzee wangu kwa baiskeli uko sawa kabisa, ila nyingi ya zile zinakwenda mbele tu, rivasi hazina, na toroli likizama kitu cha kwanza unachotaka ni kurudi nyuma. Tena zinataka eksileta ya volti, ile inayoanzia kama 0.8V mpaka 4V hivi, risiva ya rimoti haitoi kitu hicho. Ataongeza rilei (swichi zinazowashwa kwa umeme) za kugeuza, ataongeza saketi ya kubadili signo, mwisho gharama ni ile ile na vitu vya kuharibika vimekuwa vingi.

Kijana_Makorora

Shukrani sana fundi. Nimepima leo na mita ya kuazima. Mota ya kulia 27A, ya kushoto 25A, kwa betri moja. Kwa hiyo ni 54 na 50?? Na mimi nilikuwa nimeziweka zote mbili kwenye kamoduli kamoja. Sasa nimeelewa.

Mwl_Bagamoyo

Mdogo wangu nakuandikia kutoka Bagamoyo, nafundisha fizikia na jioni nakaa na vijana wanaounda vigari vya rimoti, haya ya kuunguza tumeyapitia sana. Umepima vizuri.

Kwa vipimo vyako mimi ningeangalia kontrola ya Sabertooth 2x32, inatengenezwa Marekani na Dimension Engineering. Ina chaneli mbili, yaani njia moja kwa kila mota, kila chaneli 32A mfululizo na 64A kwa muda mfupi, kwa hiyo 54 yako inaingia wakati wa kujinasua, na ikizidi au ikipata joto inajipunguza yenyewe. Volti inafanya kazi mpaka 30 za kawaida. Bei yake si ndogo, nakuambia mapema usije ukashtuka. Ila inasoma risiva moja kwa moja bila Arduino na inachanganya yenyewe, yaani kijiti kimoja cha rimoti mbele nyuma kulia kushoto, mjomba hatahitaji kufikiria tairi ipi iende vipi.

Hapa pa signo nataka upaelewe. Risiva inatuma mpigo mmoja kila milisekunde 20, na urefu wa mpigo ndio ujumbe: 1.5 ni simama, kuelekea 2 ni mbele, kuelekea 1 ni nyuma. BTS7960 haijui lugha hiyo, yenyewe inataka PWM ya kawaida ya kuwasha na kuzima haraka haraka, ndio maana jamaa yako alilazimika kuweka Nano. Kwa hiyo ukienda dukani usiulize ampea tu, uliza na inapokea signo gani.

Kuunga: chanya ya betri itoke na waya wa 10mm (za mraba), fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kama shubiri moja tu, maana kipande chochote cha waya kabla ya fyuzi hakina ulinzi na betri ya sola ikigusishwa inayeyusha waya na kuwasha moto. Fyuzi weka 60A zile kubwa za bapa za gari. Baada ya fyuzi swichi kubwa ya kukata ambayo mjomba anaifikia kwa mkono mmoja, kisha B+ ya kontrola, yaani tundu lake la chanya. Hasi inakwenda B- moja kwa moja. Mota kila moja kwenye M yake (matundu ya mota) kwa waya wa 6mm (za mraba) na usiache waya mrefu wa kuzurura. Kutoka kontrola kwenda risiva ni waya tatu, 0V, 5V na S1 (tundu la signo la kwanza), halafu S2 (la pili) unaweka ya signo peke yake. Ile 5V ya kontrola inatosha kuwasha risiva, usiilishe risiva kutoka kwenye betri moja ya 12V katikati ya sirizi, utaiua risiva na betri moja itachoka kabla ya mwenzake.

NA USIGEUZE CHANYA NA HASI. Kontrola hii haina ulinzi wa kugeuziwa, ni sekunde moja tu hela yote imekwenda. Kijana wangu mmoja alilia machozi hapa.

Mwisho, na hili ni muhimu kuliko yote niliyoandika. Kwenye FS-i6 kuna sehemu ya feilseifu. Iseti kwamba rimoti ikizimika au ikipoteza mawasiliano risiva itume 1.5, yaani simama. Kontrola inaweza kusimama yenyewe kama signo imekatika kabisa, lakini kama risiva inaendelea kutuma ile amri ya mwisho, kontrola itajuaje kwamba hakuna mtu? Kilo 170 zinazokwenda zenyewe pale mwaloni kwenye akina mama na watoto, hapana jamani. Nyanyua tairi juu ya matofali, sukuma kijiti mbele, zima rimoti. Zisiposimama, usilishushe chini.

Fundi_Barabara_ya_9

Mwalimu kasema yote, naongeza la gereji. Siku ya kuwasha mara ya kwanza toa fyuzi, pale pa fyuzi weka balbu ya indiketa ya lori ya 24V. Umeunga sawa, balbu itamweka kidogo izime. Kuna shoti, balbu inawaka kabisa na mkondo hauzidi ampea moja, hakuna kinachoungua. Ila balbu haitakuokoa ukigeuza chanya na hasi, hiyo pima kwa mita kabla. Nimeokoa vitu vingi kwa balbu ya bei ya chai.

Kijana_Makorora

Wakuu nimechelewa kurudi, kontrola ilichukua muda kufika. Nimefunga kama mwalimu alivyosema. Chanya na hasi nimepima mara tatu, mara ya tatu nimemwita dada yangu apime na yeye. Balbu ilimweka ikazima, nikakaa chini kwanza nikashukuru. Mota ya kushoto ilikuwa inazunguka kinyume, nikabadilishana waya zake mbili ikakaa sawa.

Nikafanya lile la matofali. Nimesukuma mbele, nimezima rimoti, TAIRI ZIKAENDELEA KUZUNGUKA. Wallahi nilisisimka mwili. Nilikuwa nimeingia kwenye feilseifu nikaiangalia nikadhani imejiseti, kumbe unatakiwa uiwashe kwenye kila chaneli na uihifadhi ukiwa umeachia vijiti katikati. Nimerudia, sasa ukizima rimoti zinasimama hapo hapo. Nimejaribu mara ishirini. Mwalimu Mungu akuzidishie.

Jana asubuhi mchangani na kilo 60, limetoka majini mpaka barabarani bila kusimama, nikashika bati la kontrola ni la vuguvugu tu. Mjomba alikuwa anatembea pembeni yake kimya. Swali langu lililobaki ni maji ya chumvi, boksi ni la plastiki tu la kuhifadhia chakula.

dada_wa_mwani

Kaka mimi si fundi wa mota ila nina pampu pwani miaka sita. Chumvi haiingii kwa maji tu, inaingia kwa upepo. Boksi lako liwe na waya zinazoingilia chini siyo juu, na kila waya upinde chini kabla ya kuingia ili tone lianguke nje. Vichwa vya waya vibane halafu vilehemu kwa risasi, juu vaa mpira wa kusinyaa, kwenye betri paka grisi. Ukiona unga wa kijani kwenye shaba kata kipande chote, usisugue ukarudishia, ule kijani umeshaingia ndani ya waya. Na kila jioni mwage maji baridi yasiyo na chumvi kwenye tairi na fremu, kontrola usiiguse na maji.

Fundi_Barabara_ya_9

Dada yuko sahihi. Ila boksi la chakula likizibwa kabisa joto halitoki. Kontrola ikazie kwenye bamba la aluminiamu na lile bamba ndio liwe ukuta mmoja wa boksi, mgongo wake uwe nje unapigwa na upepo, pembeni ziba na silikoni. Na usipande kwenda kilo 100 kwa mara moja, ongeza kumi kumi na kila mara ushike bati.

Kijana_Makorora

Nimewasoma wote. Bamba nimepata la sentimita 20 kwa 30, kesho nalitoboa. Bamvua ni Jumamosi, maji yanakupwa kwenye saa nne asubuhi, boti zitakuwa mbali kabisa. Nitaanza na kilo 70. Mjomba ameshaniuliza mara mbili kama betri nimechaji.